Makopo ya Esnath

Esnath alikuwa na mengi ya kumwonea wivu mke mwenzake, Tulinagwe, ila lililomkaba koo lilikuwa moja: yule mdogo alikwenda kliniki mara mbili tu kwa mwaka. Yeye, mke mkubwa wa Meshaki, aliyeolewa wakati Tulinagwe bado anavaa sare za shule, alitoka Masoko kila mwezi kupanda hadi Tukuyu, magoti yakimuuma, kufuata vidonge vilevile vya kufubaza virusi vya UKIMWI.

Walipimwa siku moja wote watatu, wao wawili na mume wao. Wakaanza dawa siku moja. Iweje mmoja apewe za miezi sita na mwingine za siku thelathini?

"Hata virusi navyo vina kipenzi," alinung'unika akipalilia migomba. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Esnath kweli alikuwa anakonda.

Tena huyo Tulinagwe hakuwa na haya. Alirudi na makopo yanalia chaka-chaka ndani ya kikapu, njia nzima ikisikia. Esnath alijiona mwerevu. Vidonge vyake alivimimina kwenye kipande cha kitenge, akafunga fundo na kulichomeka chini ya paa la jikoni. Makopo akayatupa chooni. Nani angejua?

Kipimo kilipoonyesha tena kwamba virusi vyake vimeongezeka, alimvaa nesi Veronika palepale kliniki, kwenye dirisha la dawa.

"Sista, niambie ukweli. Mwenzangu anakuletea ndizi?"

Veronika hakukasirika. "Mama, dawa zako unaziweka wapi? Kesho njoo nazo."

Kesho yake fundo likafunguliwa mezani. Mvua ya Rungwe haina adabu, huingia hata kwenye chumvi. Vidonge vilikuwa vimelainika, vingine vimegandana kama tonge.

"Ndivyo unavyomeza hivi?"

"Vilivyoshikana naviruka."

"Kopo lina kazi yake, mama. Linazuia unyevu. Ukiendelea hivi dawa itashindwa kufanya kazi, na utaumwa."

Esnath alilia. Aliogopa kufa, ndiyo, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba Tulinagwe, na makelele yake yote, ndiye aliyekuwa sahihi.

Alipewa makopo mapya. Miezi ikapita akipanda na kushuka, kila asubuhi akimeza kidonge kikavu kutoka kwenye kopo, mpaka karatasi ikasema virusi havionekani. Siku hiyo Veronika akampangia dawa za miezi sita kikapuni.

Kufika Masoko, angeweza kukata njia ya migombani asionwe na mtu. Hakukata. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Tulinagwe, aliyekuwa anamenya ndizi, akasimama na kutikisa kikapu.

Tulinagwe aliinua kichwa. "Mangapi, dada?"

"Sawa na yako," Esnath akasema, akatikisa tena.