Nusu saa ya Kasuku

Saa kumi na moja alfajiri, mwanamke wa miaka arobaini na nane anavua viatu mlangoni, anavua bangili, anavua hereni, kisha anakula ndizi mbili akiwa amesimama. Hana njaa. Anakula kwa sababu tumbo likinguruma mbele ya kipaza sauti, mjane tajiri wa kwenye tamthilia atasikika kama mtu aliyelala bila kula, na fundi mitambo atalazimika kurudia kipande kizima.

Chumba kiko ghorofani, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Kuta zimefunikwa kwa magodoro na dirisha limezibwa kwa blanketi mbili. Feni imezimwa kwa kuwa inavuma. Kazi lazima iishe kabla ya saa mbili, fundi wa chini anapowasha mashine yake, maana akishawasha hakuna tena mjane wala mahakama.

Anaingia, anakumbatia mto, anatazama kioo cha kompyuta. Mwanamke wa nchi ya mbali, mwenye nywele ndefu na macho yaliyojaa machozi, anafungua mdomo. Yeye naye anafungua wake. "Nilikwambia usirudi katika nyumba hii," anasema, na midomo ya yule wa kwenye kioo inapofunga, yake imeshafunga.

"Sekunde nne," anasema fundi mitambo, na anasimamisha saa ya kwenye simu yake. Anahesabu muda wa kuongea tu.

Wengi hawamjui mwanamke huyu kwa sura, ila wakimsikia wanageuka. Kwa miaka kumi na mmoja, katika sehemu 1,146, yeye ndiye aliyemsemea yule mjane kwa Kiswahili. Waliokua naye wanamwita Kasuku. Na Kasuku sasa ana nusu saa tu ya sauti kwa siku: ya kazini, ya nyumbani, ya dukani, yote humo humo.

Mahojiano haya, kwa upande wake, aliyaandika. Ana daftari la shule la kurasa mia mbili, la tatu tangu augue, na kalamu ya bluu iliyofungwa kamba shingoni. Unamuuliza, anaandika, anakugeuzia daftari.

"Kunong'ona pia nimekatazwa," aliandika. "Daktari anasema kunong'ona kunaumiza koo kuliko kupiga kelele. Kwa hiyo hata umbea nimeacha."

Ugonjwa wenyewe ni vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Vilianza kama mkwaruzo, akanywa maji ya moto na tangawizi, akaendelea na kazi. Mwaka ukapita. Siku moja alifungua mdomo ili mjane amkaripie mkwewe, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, atalala kwenye meza ya upasuaji. Baada ya hapo ni kimya cha wiki sita, bila hata ile nusu saa. Daktari hakumficha: sauti inaweza kurudi kama ilivyokuwa, inaweza kurudi nyingine, inaweza kubaki pumzi tu.

Mwandishi wa makala haya alikutana naye Jumanne. Kwa hiyo ilibaki Jumatano moja.

Na hiyo Jumatano ina mwenyewe. Mjane, aliyenyamazia mateso ya shemeji zake msimu mzima, anasimama mahakamani kusema yote. Maneno ya hotuba hiyo yaliyotafsiriwa yamefika Jumanne hiyo hiyo, kurasa tisa. Kampuni inataka yasemwe na Kasuku. Meneja wake hakuuma maneno: akiimaliza hotuba, nafasi yake itamsubiri miezi miwili. Asipoimaliza, kuna msichana ameshajaribiwa.

"Watazamaji hawasubiri koo la mtu," alisema meneja, bila ubaya.

Kasuku amemsikia huyo msichana. "Nilidhani ni mimi," aliandika. "Kasuku naye kapata kasuku wake." Alicheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika.

Si kazi ya kutajirisha. Malipo ya sehemu nne yanaishia kwenye kodi ya nyumba ya mwezi. Kuanzia ya tano ndipo watu wanakula. Lakini ndiyo aliyo nayo, na kwa umri wake hajui ataanzia wapi nyingine.

Uigizaji wake ulianzia uani, kwenye moshi wa pasi ya mkaa. Mama yake alikuwa dobi, akisimama kutwa nzima akinyoosha nguo za watu. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi kiwandani, mji wa mbali, na kila mwezi aliandika barua. Mama hakujua kusoma. Kasuku alijua, na alikuwa na miaka tisa.

"Sikuweza kuisoma kama habari ya gazeti," aliandika. "Nilimsoma baba. Sauti yake nzito, na kukohoa kwake kidogo kabla ya kutaja pesa. Majirani waliacha kazi zao wakaja kusikiliza. Wakasema, huyu kaja mwenyewe."

Ndipo alipopewa jina. Wanawake wa mtaa wakaanza kumletea barua zao nao, na barua ya mtu mmoja ikasikilizwa na ua mzima. Siri hazikuwepo, ila hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alisubiri ya mwenzake.

Halafu ikaja barua ya mistari kumi na mmoja. Kasuku aliifungua njiani akitoka posta, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuizoea kabla ya kumsomea mama. Baba aliandika kwamba ameoa huko, na kwamba wasimsubiri.

"Niliingia nyumbani, nikashika ile karatasi, nikasoma barua nyingine," aliandika. "Niliitunga palepale, nikakohoa panapostahili. Mama akacheka. Basi mwezi uliofuata nikatunga tena. Zilifika saba. Ya nane niliianza, nikalia. Nikamwambia macho yananiuma. Hakuniomba tena nimsomee."

Chini yake aliongeza, kwa herufi ndogo: "Mama hajui. Usimwulize."

Baada ya shule alijiunga na kikundi cha maigizo cha kuzunguka. Miaka tisa alikuwa malkia, mchawi, muuguzi, na mara moja mbuzi, mbuzi mwenyewe alipougua. Anasema hiyo ndiyo iliyokuwa miaka yake, ingawa walilala juu ya mapazia. Kisha ukumbi wao ukauzwa, ukafanywa ghala la magodoro. Haya yaliyomzunguka kazini leo yalinunuliwa huko.

"Yamenifuata," aliandika.

Kwenye filamu hakupata bahati. Mwongozaji mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akafuta jicho, kisha akamwambia sauti yake ina sura nzuri kuliko sura yake. Alimpa kazi ya kulia msibani akiwa ameipa kamera mgongo. Amelia misiba kumi na mmoja ya namna hiyo. Alipoitwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, alikubali kabla hajaambiwa malipo.

Umaarufu wake ni wa ajabu. Aliwahi kuomba vocha dukani, muuzaji akashika kifua: "Wewe ndiye mjane!" Kisha akamtazama vizuri, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. "Hapana," akasema, "si wewe." Akamhudumia mwingine.

"Yule mwigizaji wa kule, namjua atakavyovuta pumzi kabla hajalia," aliandika Kasuku. "Yeye hajui kama nipo. Nimechoka kidogo na hilo. Siku nyingine nimechoka sana."

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na sebule. Mumewe, fundi cherehani, anafanyia kazi barazani. Mwanzoni wanaume wenzake walimpongeza kwa kupata mke asiyesema. "Nami nikacheka nao," alisema huku akitia uzi sindanoni. "Wiki mbili tu. Sasa natamani hata kugombezwa."

Kwa mumewe, Kasuku anaandika. Kwa majirani anaandika. Ila sebuleni anakaa mama yake, sasa ana miaka sabini na sita, miguu juu ya kigoda, naye hajui kusoma mpaka leo. Mambo ya lazima humwambia kwa mikono. Nusu saa huwa imekwisha kabla mama hajaamka.

Saa saba mchana ni marudio ya tamthilia. Mama aliongeza sauti. Mjane akajaa chumbani akimpa mtu pole, polepole na kwa upole, na mwenye sauti hiyo alikuwa ameketi pembeni akimenya chungwa, mdomo umefungwa.

"Unaona, mwanangu?" mama alimwambia mwandishi. "Huyu yuko hapa na yuko kule. Wa kule ananisemesha. Wa hapa ananiangalia."

Kasuku alimshika goti. Mama aliutazama mkono ule, akaupapasa, hakuutoa.

Mwandishi, akitaka kupoza mambo, aliuliza swali la kawaida la waandishi: ni nani aliyemfundisha kuigiza?

"Baba yake," alisema mama. "Bila kuwepo."

Alichukua rimoti, akapunguza sauti ya mjane.

"Alikuwa akinisomea barua za baba yake ambazo baba yake hakuziandika. Saba. Nilizihesabu."

Chungwa lilibaki mkononi. Kasuku alimtazama mwandishi, mwandishi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hakusema neno.

"Barua za kweli zilianza na mlango," mama aliendelea. "Mlango umetengenezwa? Kodi imelipwa? Hizi zikaanza na miguu yangu. Mke wangu, miguu inaendeleaje, usisimame sana. Yule mwanaume hakujua kama nina miguu." Alicheka kidogo. "Halafu barua moja huyu akaniambia kaichukua posta leo leo, Jumapili. Tangu lini posta ikafungua Jumapili?"

Kasuku alikuwa ameshaanza kuandika. Alijisahau, akamgeuzia mama yake daftari, kisha akaona alichofanya. Mama akatazama herufi za bluu, akalisukuma daftari kwa mgeni.

"Nisomee wewe."

Mwandishi alisoma: "Kwa nini hukunikataza?"

"Ningekukatazaje?" mama alimjibu binti yake, si msomaji. "Nilikuwa nasimama kutwa. Mtu mmoja tu duniani aliniuliza habari ya miguu, nimnyamazishe?"

Kalamu ikaenda tena. Mwandishi akasoma: "Barua yake ya mwisho ninayo. Nimeificha miaka thelathini na tisa."

Kwenye televisheni mjane alikuwa anafunga mlango wa gari. Barazani cherehani ilikuwa imesimama.

"Kwamba zile si zake nilijua," alisema mama. "Kwamba hatarudi, nalo nikalijua. Ila yake ilisemaje, sijui. Nimekaa nikijiuliza. Usidhani ukizeeka unaacha." Alimgeukia binti. "Hiyo utanisomea wewe. Huyu mgeni anasoma kama karani. Na usome kwa sauti yako. Ya baba yako nilishaichoka."

Kasuku aliinuka akaenda chumbani. Alirudi na bahasha ya vyeti vya shule, na ndani yake karatasi moja yenye mikunjo iliyoanza kukatika. Aliiweka juu ya meza, mbele ya mama. Akafungua mdomo, akaufunga. Nusu saa ya siku ile ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, yote kwa mjane.

Kisha akachukua simu na kumwandikia fundi mitambo: "Kesho sitakuja. Namsomea mama barua." Akamwonyesha mwandishi kabla ya kutuma.

Analotumaini si kubwa. Anataka kuamka Alhamisi akiwa na sauti yoyote ile. Ikirudi, atamwomba meneja kazi, hata ya sauti za misibani. Isiporudi, mumewe amesema kuna cherehani ya pili, na Kasuku ameandika kwamba atajifunza, ingawa hajawahi kushona hata kifungo kikakaa.

Jibu la fundi mitambo lilifika mama akiwa bado ameiwekea ile karatasi kiganja juu yake, kama anaizuia isipeperuke. Ni mtu mwema, na alikuwa ameshapiga hesabu. Hotuba ya mahakamani ni dakika ishirini na tatu, aliandika. Barua ina urefu gani? Vyote viwili si vinaweza kuingia kwenye nusu saa, na kazi isipotee?

Kasuku alisoma, akafikiri, akajibu.

"Barua ni dakika mbili. Hizo ishirini na nane ni za maswali ya mama."