Kadi Ndani ya Mbeleko

Usiku ule nililala mapema, nimechoka na shughuli ya kuzindua jiwe la kumbukumbu la waliopigania uhuru katika wilaya yetu. Majina yaliyochongwa pale niliyaandika mimi, mwalimu wa historia, kama wazee wa kamati walivyonitajia. Yote ni ya wanaume.

Bibi yangu, aliyefariki nikiwa darasa la saba, alinijia akiwa amejitanda kanga. Tulikuwa jikoni kwake, mara tukawa mbele ya lile jiwe. Hakujua kusoma. Akapitisha kidole juu ya herufi, polepole.

"Nisomee, mjukuu wangu."

Nikasoma. Nilipomaliza akaendelea kusubiri, akidhani nimetua kuvuta pumzi.

"Tausi yuko wapi?"

Mvua inaanza kunyesha. Pale palipokuwa na jiwe sasa pana kizuizi cha barabarani, na askari wa mkoloni wanapekua mizigo. Kwenye foleni namwona Tausi, shoga wa bibi, angali msichana, mtoto mgongoni. Ndani ya mbeleko, kati ya mtoto na mgongo wake, amezificha kadi za chama za mji mzima. Wanaume niliowaandika wako majumbani, wanazisubiri. Askari wanawasimamisha wanawake mvuani mpaka jioni. Mtoto anakohoa. Tausi hathubutu kumshusha, kadi zitaonekana. Bibi yangu, aliye nyuma yake, anavua kanga amfunike mtoto, na askari anampiga kwa rungu mkononi. Kanga inaanguka kwenye tope. Mtoto anakohoa tena, kisha anaacha.

"Kadi zilifika," bibi akaniambia, tukiwa tena jikoni. "Tausi alizigawa kwanza, ndipo akaenda kuzika."

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Nilikuambia. Ukasema haimo kwenye kitabu chako."

Nikakumbuka kwamba ni kweli. Nilitaka kumshika miguu nimwombe radhi, lakini alikuwa ameshasimama.

"Tausi bado yuko hai. Kamuulize jina la mtoto wake. Mimi limenipotea."

Niliamka kumepambazuka, shingo imelowa jasho, nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Tausi. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Nikamwambia nataka kuandika waliyoyafanya wanawake wakati wa kudai uhuru.

"Sisi?" akasema. "Sisi tulikuwa tunapika tu, mjukuu wangu. Waulize wanaume."

"Na mtoto, Bibi? Aliitwa nani?"

Midomo yake ilicheza, nikasogea karibu nisikie. Kisha akajigeuza, akaelekea ukutani, akaniomba nikitoka nimfungie mlango.