Dirisha Nililolitoboa Edani

Sina uso wa kuisimulia habari hii mbele ya watu wa Morogoro mjini, basi nawasimulia ninyi mlio mbali, na mkicheka chekeni, maana mimi mwenyewe nilichelewa sana kucheka.

Nilikuwa nimezurura vya kutosha. Shule ya misheni kule Matombo niliiacha darasa la tatu (si kwa ujinga, miguu tu haikutulia), nikakata mkonge, nikabeba mizigo stesheni, mpaka siku moja nikawakuta wanafunzi sita wa chuo cha ufundi, wale wanaojifunza kuchora na kujenga nyumba, wamefungua duka la nguo lililokaa tupu miaka mingi, wanapima kuta kwa kamba huku wakibishana. Mwenye duka aliwapa walitengeneze kwa mikono yao liwe chumba cha kusomea magazeti. Nilisimama mlangoni nikauliza maswali mpaka mwalimu wao, Mwalimu Banzi, akanipa ndoo ya chokaa ninyamaze. Wiki ya tatu akaniambia, "Boni, kazi hii ikiisha vizuri nitakuombea nafasi chuoni. Hilo darasa la tatu nitalieleza mimi." Siku ile sikula, nilishiba maneno yale.

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo yenye giza. Wakaamua kuitoboa dirisha, na Deo, mkubwa wa wanafunzi, akachora mraba kwa mkaa kwenye ukuta wa upande wa uani, akasema, "Usiuguse mpaka turudi na fremu," wakaenda wote kwa seremala. Mimi nikapaka chokaa, nikazunguka kuta zote nikipiga mluzi, nikarudia mara ya pili, na nilipokuja kutazama mraba haupo.

Nilitakiwa kungoja niwaambie, basi. Badala yake nikachora mraba mwingine kwa kukumbuka, na (ili waone mtu mwenye bidii, anayestahili chuo) nikachukua nyundo na tindo. Tofali la udongo halina ubishi. La tatu liliangukia upande wa pili, nikachungulia, na badala ya ua nikaona chumba cha jirani, kumbe nimeukosea ukuta, na mwanamke wa makamo amekaa mkekani na ungo wa mchele, tofali langu limo ndani ya ungo.

Nikaganda na kichwa tunduni. Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, kisha akajitupia kanga usoni na kumwita kaka yake.

Alikuwa Bi Mwajuma, mjane, yuko edani. Mzee Salehe, kaka yake, alifika dukani pamoja na nusu ya mtaa, wakati uleule Mwalimu na wanafunzi wanarudi na fremu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "dada yangu amebakiza siku tisa. Tangu mumewe afe hajaonwa na mwanamume baki. Leo anaamkiwa na kichwa cha chokaa ukutani."

Mwalimu Banzi akanigeukia. "Nani amechora hapa?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Deo."

Deo hakukasirika, alishtuka tu. Akapitisha kidole kwenye mraba wangu. "Mwalimu, huu haujanyooka hata upande mmoja."

Watu wakaguna. Ningeweza kuingia ndani ya ile ndoo ningeingia.

Mzee Salehe alitundika shuka upande wake, nami nikaliziba tundu kwa kupapasa, wanafunzi wakinipa matofali mmoja mmoja. Nilipomaliza ukuta ulikuwa na kitambi.

"Kufuta alama si kitu," Mwalimu aliniambia nje, maana aliuona ukuta wa uani mweupe hauna mraba, "hata mimi nimefuta nyingi. Lakini anayemsingizia mwenzake tundu, kesho atamsingizia nyumba iliyoangukia watu. Siwezi kukuombea, Boni."

Nilipanda lori la Kisaki. Kule, siku ya kwanza tu, nilivunja mpini wa jembe la bwana mmoja, nikamfuata mpaka kilabuni nikamwambia mbele ya wenzake kabla hajauliza. Wakanicheka sana. Nimeapa kufanya hivyo mpaka nife, ingawa najua chuo hakitanirudia.