Barua ya Mpishi

Mpaka leo nikiona ile mashine ya kutia vyeti plastiki, hasira zinanipanda. Najikasirikia mwenyewe kwanza.

Nilikuwa nikifanya kazi za nyumbani Doha, kwa madam mmoja wa Wales, mwalimu. Alinichukua kwa sababu natoka Kitale. Babu na bibi yake walihama Wales wakaja kulima mahindi kwetu enzi za walowezi, naye alikuwa na makaratasi yao maboksi matatu. Maktaba moja ya kwao ilikubali kuyahifadhi. Kila Jumamosi tuliyapanga mezani, yeye akisoma, mimi nikitoa pini zilizoshika kutu.

Barua, mapishi ya keki, malalamiko ya mvua. Watu wetu walikuwa pichani tu, na nyuma ya picha pameandikwa "mpishi", "boi", basi. Jamani, hata jina?

Ndipo ikatokea karatasi moja ya Kiswahili, ambayo madam hakuweza kuisoma. Yule mpishi alikuwa amemwandikia bwana wake aliyekwisha kurudi Wales: "Kaburi la mtoto wenu nimelizungushia seng'enge, ng'ombe wasikanyage. Ile tumbako uliyoniahidi bado naingoja." Chini akatia jina lake, herufi kubwa kubwa. Nilipomsomea, madam alilia, maana mtoto huyo angekuwa shangazi yake. Mimi nililia kwa lile jina.

Karatasi ilikuwa imeanza kukatika penye mikunjo. Sasa, kwetu karatasi ya maana haiachwi hivi hivi. Cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ubatizo, vyote hutiwa plastiki, visijue mvua wala mchwa. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, niliichukua bila kuuliza nikaipeleka duka la fotokopi mtaa wa Najma. Ikatoka inang'aa, ngumu kama sahani. Nilijiona mjanja njia nzima.

Madam aliishika, akakaa kitako. "Umefanya nini?"

"Nimeitunza, madam."

"Haitoki tena humo. Gundi imeshaingia kwenye karatasi. Wale wa maktaba hawataipokea."

"Waambie kosa ni langu!"

Akawaandikia. Jibu likaja na radhi nyingi: yaliyotiwa plastiki hawapokei, na nakala hawataki. Ala! Mapishi ya keki wanayataka, ila ukurasa mmoja tu ulioandikwa na mkono wetu ndio umekosa nafasi, na aliyeukosesha ni mimi niliyeupenda kuliko yote. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Kaa nayo wewe," madam akasema. Ninayo, katikati ya vyeti vyangu, haina hata doa.

Siku ya kufunga maboksi, madam alienda kupokea simu. Nilichukua penseli, maana alinifundisha kwamba wino ni mwiko, nikaitafuta picha ya yule mpishi, nikaigeuza. Chini ya neno "mpishi" nikaandika jina lake lote, herufi kubwa kubwa kama alivyoliandika mwenyewe. Safari hii pia sikuuliza mtu.