Kichwa ya baba mukwe mu ndege

Majina ya bantu bote ba siku ile nayakumbuka, lakini jina ya baba mukwe wangu siwezi kuitamka hata leo. Kwetu Masisi, mwanamuke akiolewa hataji jina ya baba mukwe, hamugusi, na hamuangalii mu macho.

Nilikuwa bibi mupya. Patron, mukubwa wa kazi ya bwana yangu Gervais, akatupandisha ndege ya kwenda Stanleyville, na baba mukwe akaikala kwa kiti ya mbele yangu.

Tulipofika juu, kiti yake ikaanza kulala nyuma. Kichwa yake ikakuja pole pole mupaka karibu na magoti yangu. Yesu wangu! Ikinigusa, ndoa imekwisha, njo kurudishwa mu kijiji yetu Kingi kwa mama yangu Nyota!

Nikasukuma kiti na magoti yote mbili, ikarudi. Muzee akailalisha tena, nikasukuma tena na nguvu. Gervais kando yangu alikuwa anakoroma tu. Muzee, mwenye hakujua kama ni mimi, akaanza kulia:

"Mungu, ndege inaanguka! Ukiniokoa, sitatia tena maji mu maziwa ya kuuzisha!"

Madame Odette, mwenye kuhudumia ndani ya ndege, akakuja mbio.

"Mama, wacha kupiga kiti! Papa iko anataka kulala tu."

Muzee akageuka. Macho yetu ikakutana.

"Bibi ya Gervais," akasema pole pole, "ile ya maziwa, ulisikia?"

Nikafunika uso na kitambaa. "Hapana, Papa."

Lakini ndege muzima ilikuwa inacheka.