Jibu la Shangazi Kuhusu Jiwe

Nina duka dogo la madaftari na kalamu pale Mwisenge, Musoma, na kwa miaka mingi watu wamenijua kwa maswali yangu kuliko kwa bidhaa. Mteja akija kununua bahasha, namuuliza neno shule limetoka lugha gani. Akisema Kiingereza namwambia hapana, ni Kijerumani, na hela nayo tuliachiwa na Wajerumani haohao. Meza na bendera ni za Wareno. Gereza nalo, na hapa ndipo nilipopenda kuwatazama watu usoni, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Nilikuwa na daftari zima la mambo ya namna hiyo, niliyoyaokota kwenye kamusi, redioni na kwenye simu. Yalikuwa ya kweli. Lakini lipo moja ambalo halikuwamo daftarini, kwa sababu nililitunga mwenyewe.

Nyumbani kwetu Butiama, kando ya njia ya kwenda kisimani, kuna jiwe kubwa lenye jina la Kizanaki. Jina lenyewe sitaliandika hapa, nimeshalichezea vya kutosha. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu tunaoishi mijini, mtu mmoja aliuliza jina la jiwe lile lilitokana na nini. Kisha mwingine akaandika kwamba aulizwe mwenye duka la Mwisenge, yeye ndiye anayejua mambo hayo.

Nililijua jibu nusu. Nilipokuwa mtoto, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliwahi kunisimulia tukiwa tunapukuchua mahindi uani kwake. Ilikuwa habari ya njaa na wanawake waliokwenda kutafuta chakula. Mengine sikuyashika, maana nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Ningeweza kumpigia simu. Sikumpigia. Niliwaza watu wote wale waliokuwa wakisubiri, wengine wana vyeo, na nikaona habari ya wanawake wenye njaa ni ndogo mno kwa jiwe kubwa kama lile. Basi nikaandika kwamba wakati wa Wajerumani wanaume wa kwetu walikutana pale, wakala kiapo kwamba hawatasalimu amri, na jina la jiwe maana yake ni kiapo hicho. Niliandika vizuri. Nilitia hata mvua.

Watu walisifu. Mmoja alisema ametokwa na machozi. Mwingine akaichukua habari ile akaipeleka kwa wenzake waliokuwa wakiandaa kijitabu cha kanisa kuhusu historia ya sehemu zetu, na nilipoombwa ruhusa nikaitoa, nikaongeza sentensi mbili.

Mwaka juzi kanisa letu liliandaa chemsha bongo. Vijana wa Musoma, Bunda na Butiama walikutana kwenye ukumbi mmoja Manyamanyama, pale Bunda, na mimi nikachaguliwa kuwa msoma maswali. Maswali yalitungwa na kamati kutoka kwenye kijitabu kile. Nilikabidhiwa karatasi asubuhi ileile, na nilipofika ukurasa wa tatu nikaliona jiwe letu, na chini yake jibu langu, neno kwa neno, pamoja na mvua. Ningeweza kuliruka swali lile. Nilijiambia kamati itauliza kwa nini.

Vijana wa timu zote tatu walishindwa. Utaratibu ulikuwa kwamba swali likizishinda timu, linakwenda kwa watazamaji, na atakayepata anapewa beseni. Mkono mmoja tu ukanyooka, nyuma karibu na dirisha. Alikuwa shangazi. Sikujua kwamba amekuja. Alikuwa amepanda gari na akina mama wa kwaya ya Butiama. Alisimama, akavuta kanga yake begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jina hilo maana yake ni niacheni. Wakati wa njaa wanawake walikuwa wanaenda ziwani kubadilisha ngozi wapate makopa ya muhogo. Wakirudi, mmoja alishindwa kutembea. Akakaa pale kwenye jiwe, akawaambia wenzake, niacheni, pelekeni chakula kwa watoto. Ndiyo jina lenyewe."

Waamuzi wawili waliokuwa kando yangu walitazama karatasi zao, kisha wakanitazama mimi. Nilijua kwamba anachosema ni kweli. Maneno yake yalinirudishia habari yote, hata yale niliyodhani sikuyashika utotoni.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Asante, mama. Jibu hilo si sahihi."

Nilimwita mama, kama mtu ambaye ndiyo kwanza namwona. Wachache walicheka, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha kumhurumia mzee aliyejaribu. Nikasoma jibu la kwenye karatasi. Watu wakapiga makofi. Shangazi alibaki amesimama mpaka nikamaliza, kisha akakaa.

Baada ya shindano nilimpelekea soda nje, chini ya ukuta wenye kivuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umesoma vizuri. Sauti yako inafanana na ya marehemu baba yako."

Alikunywa kidogo, kisha akaniuliza, "Hiyo habari ya Wajerumani mmeipata wapi? Mimi nimeishi pale siku zote, sijawahi kuisikia."

"Iko kwenye kitabu, shangazi."

"Kama iko kwenye kitabu, sawa. Labda bibi alikuwaga anatudanganya tu ili tulale."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Hakukuwa na mtu karibu nasi, na gari lao lilikuwa bado linasubiri abiria. Nilimuuliza habari za mihogo yake. Akanijibu habari za mihogo, akaingia kwenye gari, akaenda zake.

Mwezi mmoja baadaye binti yake, anayekaa naye, alinipigia simu kuhusu jambo jingine. Katikati ya maongezi akaniambia kwamba siku hizi mama anawaambia wajukuu habari mpya ya jiwe, ya kiapo na Wajerumani. "Anasema wewe ndiye ulimsahihisha," alisema, na nikasikia kwamba anatabasamu. Nilikaa dukani na simu mkononi. Mteja aliomba rula mara mbili kabla sijamsikia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Butiama. Nilimkuta akichagua maharage kwenye ungo, barazani. Sikukaa kwenye kiti alichonitolea. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote bila kumtazama: kundi, kijitabu, ukumbi, soda.

Aliendelea kuchagua maharage. Baadaye akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nimepata."

"Ulikuwa umepata."

"Na wewe ulijua, pale pale."

"Nilijua."

"Ulikuwa umesahau kwanza, ndiyo ukatunga?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa uongo mdogo. Nilimwambia sikuwa nimesahau. Nilimwambia niliona aibu kuandika mbele za watu kwamba kwetu watu walikufa njaa.

Aliweka ungo chini. "Yule mwanamke alikuwa mdogo wake bibi," alisema. "Bibi alikuwa mmoja wa wale waliomwacha. Chakula walichobeba ndicho alichokula mama yangu, akakua. Walirudi kesho yake na machela ya miti, wakamkuta ameshakufa. Bibi akipita pale alikuwaga hageuki kulitazama jiwe. Sasa wewe unaona aibu ya nini? Mwenye kuona aibu alikuwa yeye, na bado alitusimulia."

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Haya," akachukua ungo wake, na hatukulizungumza tena siku ile. Alinipa maziwa ya mgando, nikayanywa.

Niliporudi Musoma niliandika kwenye kundi kwamba ile habari niliitunga, na nikaandika habari yenyewe kama alivyonisimulia. Walionijibu hawakufika kumi. Mmoja aliniuliza nimelipwa na nani kupotosha historia ya wazee wetu. Yule aliyetokwa na machozi alijitoa kwenye kundi. Nilikwenda pia kwa mchungaji wa Bunda, aliyesimamia kijitabu. Aliniambia kijitabu hakiwezi kurekebishwa mpaka kitakapochapishwa upya, na kwamba jambo lenyewe ni dogo, niliache. Nikamwomba dakika mbili wakati wa matangazo, Jumapili. Alisita, akanipa.

Nilisimama mbele ya watu waliokuwa wakitaka kwenda nyumbani kula. Nikasema kwamba siku ya chemsha bongo mama mmoja wa Butiama alitoa jibu sahihi, na mimi nikamwambia amekosa, na mama huyo ni shangazi yangu wa damu. Nilisikia mtoto akilia na mtu akifungua biskuti. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyeguna. Nilipokaa, mzee aliyekuwa pembeni yangu alisogea kidogo kwenye benchi. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananipa nafasi au ananikwepa.

Nilimnunulia shangazi beseni pia. Binti yake ananiambia wanalitumia kuoshea vyombo.

Habari za matangazo zilimfikia, maana Bunda na Butiama si mbali. Amerudia kuwasimulia wajukuu habari ya mdogo wake bibi. Krismasi iliyopita nilikuwepo akisimulia, nimekaa nyuma yao ukutani. Alisimulia vizuri, polepole, ngozi, makopa, machela. Alipofika mwisho akaongeza, "Lakini wengine wanasema ni Wajerumani. Mimi sijui sana, sikusoma."

Wajukuu waligeuka kunitazama, wakingoja mwenye duka la madaftari aseme ipi ni ya kweli. Nikawaambia ni ya bibi yao. Waliitikia kwa adabu. Shangazi alikuwa ameshainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni, na sina hakika kama alinisikia.