Kufua Chini ya Kiota

Mto mdogo nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, kule Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, ulinukia majani mabichi na sabuni ya kipande. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa mjini, wa mtaa wa Muhumba, na likizo kubwa ile nilipelekwa kwake kwa barabara mbovu kiasi kwamba tuliisukuma pikipiki zaidi kuliko ilivyotubeba. Maji yalikuwa maangavu, samaki wadogo walionekana hadi chini. Kwenye ukingo wa udongo mwekundu, mdiria, ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu, alikuwa ametoboa shimo la kulelea makinda. Nilimtazama akipiga mbizi na kuibuka na samaki, mpaka chakula changu kikapoa.

Asubuhi moja walikuja wachimbaji wanne wa dhahabu. Mkubwa wao, Papa Sifa, aliugonga ukingo uleule kwa jembe, akasema hapo ndipo watakapoanzia. Makinda wakalia mle ndani. Mimi nikalia zaidi. Shangazi, Maman Riziki, hakupiga kelele. Alileta beseni, akakaa chini ya shimo, akaanza kufua.

"Maman, utamaliza saa ngapi?" Papa Sifa aliuliza.

"Nguo iko mingi, papa."

Zilikuwa nguo tatu. Kesho yake alizirudia zilezile, kesho kutwa akaazima mapazia ya jirani. Subira huvuta heri, lakini sijaona tena subira yenye povu kama ile. Wachimbaji walinung'unika, wakachimba pembeni, kisha wakazoea. Siku ya tano Papa Sifa alileta shati lake.

"Basi fua na hii, maman. Hii ndege itahama lini?"

"Uliza watoto yake," shangazi akajibu, na wote wakacheka.

Siku ya kumi makinda waliruka, mmoja baada ya mwingine, na Papa Sifa alipiga makofi kutushinda sote. Kesho yake ukingo ukaangushwa. Sikumchukia, alikuwa ametungoja.

Mwaka jana nilimtembelea shangazi. Mto sasa una rangi ya chai ya maziwa kwa tope la machimbo, na ndege anayewinda kwa macho hana la kufanya hapo. Shangazi akachukua fimbo, tukapanda kilima kwa saa nzima, tukipumzika na kutaniana, hadi kijito ambamo wanawake wa huko wamekataza watu kuosha mchanga wa dhahabu. Mdiria walikuwepo, wawili. Utotoni mwangu walikuwa majirani wa hatua tano. Leo ni ndugu wa mbali, wa kufungiwa safari. Tuliwakuta nyumbani.